Kitufe Kimoja

Shangazi alianguka jikoni kwake asubuhi ya Jumatano, upande wake wa kushoto ukafa, na kabla ya jioni ilikuwa imeshaamuliwa kwamba Kasuku ndiye atakayekwenda kumuuguza. Yeye mwenyewe hakuulizwa. Baba yake alikata simu, akaiweka juu ya friji bovu la mteja, akafuta macho kwa mkono wenye grisi, akasema, "Jiandae. Jumatatu unapanda basi."

"Sawa, Baba," Kasuku akasema.

Jina la Kasuku alipewa hapo nyumbani. Tangu utotoni, mgeni akiondoka yeye alibaki akimrudia: sauti, kikohozi, namna anavyosema "ah, jamani". Sasa alikuwa msichana mkubwa na kurudia watu kulikuwa ndiyo kazi yake. Aliandika maneno ya michezo ya simu, ile ya hadithi, ambayo mchezaji huongea na watu walio ndani yake na kuchagua jibu la kuwapa.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu na baraza. Baraza halikuwa la kupungia upepo. Lilijaa mafriji: yaliyopona, yanayongoja vipuri, na yale ambayo wenyewe walishayasahau. Baba alikuwa fundi friji, mtu wa maneno machache kwa wateja na mengi kwa mafriji. Mama alikuwa mpishi wa shule, mwaka wa kumi na moja katika jiko lile lile. Kaka yake mkubwa walimwita Meneja, kwa sababu kazi yake pale barazani ilikuwa kukaa juu ya kreti iliyopinduliwa na kuwaambia wateja kwamba fundi yuko karibu.

Mama aliporudi kutoka kazini, nguo zikinuka moshi, alipewa habari akiwa bado mlangoni. Aliketi chini palepale.

"Maskini wifi yangu," akasema. Kisha akauliza, "Umeshamwambia mtoto?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Aseme nini? Amesema sawa."

"Na kazi yake?"

"Kazi gani? Ya kuchezea simu? Simu inakwenda popote. Atachezea hukohuko."

"Hiyo taa iliyo juu ya kichwa chako inawaka kwa hiyo simu."

Baba aliitazama taa, kisha akatazama chini. Ni kweli umeme alilipa Kasuku, na si jambo alilopenda litajwe.

"Sijasema hafanyi kitu," akasema. "Nasema dada yangu amelala hawezi hata kugeuka. Alinilea mimi nikiwa sijui kufunga kifungo cha shati. Nimwache?"

"Nani amesema umwache?"

"Mimi ningeenda," Meneja akasema kutoka kwenye kreti yake, "lakini mafriji."

"Wewe na mafriji hamjuani hata kwa salamu," baba akamwambia.

Wote wakacheka, hata Kasuku aliyekuwa chumbani akikunja nguo. Wakishacheka hivyo, mambo huwa yamekwisha.

*

Ofisi ilikuwa juu ya duka la miwani. Chumba kimoja, watu sita, viti vizima vinne. Aliyewahi ndiye aliyekaa vizuri. Mwenye ofisi walimwita Dada Mkubwa, mwanamke wa makamo asiyepandisha sauti, ambaye aliweka karanga kwenye droo na kuzitafuna moja moja anaposoma jambo asilolipenda. Alhamisi hiyo alikuwa ameshatafuna nyingi.

"Sura ya nne," akasema. "Msichana ana hitilafu."

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mwanzoni unaulizwa: wewe ni kijana wa kiume au wa kike? Ukishachagua, unaingia katika familia iliyohamia mtaa mpya, nawe ni mtoto wa nyumba hiyo. Watu wanakusemesha, chini ya skrini vinatokea vitufe vyenye majibu, unabonyeza kimoja, hadithi inaelekea ulikoielekeza. Katika sura ya nne, mgeni anakuja kukaa, na baba wa kwenye mchezo anakuambia utampisha chumba chako. Ukiwa wa kiume, vinatokea vitufe vinne. *Kwa nini mimi? Nipe mpaka kesho. Sitoki. Nitatoka, ila nami nina langu.* Kwa kila jibu baba ana neno lake la kurudisha, na kila moja linakupeleka kwingine. Ukiwa wa kike, kinatokea kitufe kimoja. *Sawa, Baba.*

"Umesahau vitufe vitatu," Dada Mkubwa akasema.

"Sijasahau, Dada."

"Viko wapi?"

"Havipo."

Mchoraji wa ofisi, waliyemwita Penseli kwa wembamba wake, alicheka mpaka akashika meza. Kasuku hakucheka.

"Mimi naandika ninachosikia," akasema. "Majibu ya mvulana nimeyasikia maisha yangu yote. Kaka yangu akisema 'nipe mpaka kesho', najua baba anasema nini. Akisema hataki, najua. Hata akinyamaza najua. Lakini binti akisema hataki, baba anajibu nini? Sijui. Sijawahi kusikia, kwa hiyo sikuandika."

"Ungetunga."

"Nilitunga. Ilisikika kama tangazo la redioni."

Dada Mkubwa alitafuna karanga. "Wachezaji wetu wengi ni wasichana. Wanachagua msichana. Wanafika hapa, wanakuta kitufe kimoja. Unajua wanafanya nini?"

"Wanakibonyeza."

"Wanafuta mchezo! Hawa wanaotujaribia mchezo karibu wote wameandika kwamba simu imeganda. Wamekaa wanangoja vitufe vingine vitokee." Akapitisha kidole kwenye skrini. "Mmoja tu ndiye ameandika: 'Nilingoja, halafu nikakumbuka nyumbani kwetu.'"

"Huyo ameelewa."

"Huyo ni mmoja, mdogo wangu. Nataka majibu matatu. Na yasiwe milango ya ukutani."

Milango ya ukutani lilikuwa neno la Penseli. Maana yake ni majibu yanayoonekana tofauti lakini yote yanaishia palepale, kama mtu aliyechora milango mitatu kwenye ukuta mmoja. Ofisi ile ilijivunia kwamba haichori milango.

"Jumatatu sitakuwepo," Kasuku akasema. "Shangazi yangu amepata kiharusi. Naenda kumuuguza."

"Pole sana. Kwa muda gani?"

"Mpaka apate nafuu."

Dada Mkubwa alifunga droo. Aliwahi kuuguza mtu wa kiharusi, alijua "mpaka apate nafuu" ni maneno ya namna gani. "Hiyo si likizo," akasema. "Nani ameamua uende wewe?"

"Baba."

"Ukamjibuje?"

Kasuku akatazama skrini yake. Penseli, ambaye hakuwa mtu wa kuacha utani upite, naye akatazama yake.

"Sikutishi," Dada Mkubwa akasema baadaye, kwa sauti ya chini zaidi. "Nakueleza ilivyo. Kiti chako siwezi kukiacha wazi. Nitaweka mtu. Na sura ya nne naitaka Jumatatu asubuhi, kabla ya hilo basi lako."

*

Ijumaa na Jumamosi alihangaika. Penseli alimshauri achukue majibu ya mvulana ayabandike kwa msichana, kwisha. Alijaribu. Baba wa kwenye mchezo akawa anamwambia binti, "Haya, mwanamume ana lake." Akafuta hilo, akaacha mengine, lakini yote yalikaa kama koti la kuazima, mabega huku, mikono kule. Akaandika mapya. Binti akiuliza kwa nini, baba anasema kwa sababu nimesema, binti anahama. Binti akiomba mpaka kesho, kesho inafika, anahama. Binti akikataa, baba anagomba, binti analia, anahama.

"Milango mitatu, ukuta mmoja," Penseli akasema, akaenda zake nyumbani.

Hapo nyumbani kulikuwa na desturi. Kasuku akikwama na mtu fulani kwenye mchezo, aliwagawia watu wa nyumba sehemu, wakaongea, yeye akasikiliza. Mama alikuwa hodari wa majirani wambeya. Meneja alifaa kuwa maiti. Na baba, mtu yule wa maneno machache, akipewa sehemu alibadilika kabisa. Alishakuwa askari wa barabarani, alishakuwa mwenye nyumba anayedai kodi, na kila mara aliomba dakika ya kufuta mikono kwanza, kana kwamba kuna mtu atakayemwona.

Kwa hiyo Jumamosi, wakila, Mama alisema, "Mwanao amekwama. Msichana wa kwenye simu hajui kumjibu baba yake."

"Mlete kwangu," baba akasema. "Nimekuwa askari, nimekuwa mwenye nyumba, nishindwe kuwa baba?"

"Hiyo umeifanyia mazoezi miaka mingi," Mama akasema, "tungoje tuone kama umefuzu."

Kasuku alitabasamu, akamaliza chakula chake. Hakugawa sehemu yoyote usiku ule. Begi lake lilikuwa limeshafungwa, limekaa karibu na mlango, na kila aliyepita alilikwepa bila kulitazama.

*

Jumapili mchana baba alikuwa barazani akibadilisha kompresa ya friji kubwa la duka la nyama. Meneja alikuwa kwenye kreti. Mama alikuwa jikoni, dirisha la jiko likitazama barazani. Kasuku alitoka ndani akiwa na simu mkononi, maana alikuwa nayo mkononi siku zote, akasimama mbele ya baba yake. Alikuwa ameosha uso mara mbili.

"Baba," akasema. "Siendi."

Baba aliinua kichwa kutoka kwenye tumbo la friji. Alimtazama, akaitazama simu, uso wake ukachangamka. "Ah. Ngoja nifute mikono."

Akaifuta, kidole kimoja kimoja. Akavuta ndoo mbili, akazigeuza, akakalia moja, ya pili akaipigapiga kwa kiganja. "Keti, mwanangu. Huendi kwa nini? Niambie."

Kasuku aliketi. Alikuja amejiandaa kwa kelele. Maneno haya hakuwa nayo kwenye hesabu zake.

"Nina kazi, Baba. Nikiondoka, kiti changu anapewa mtu mwingine. Wameshaniambia."

"Kazi hiyo unaipenda?"

"Naipenda."

"Unaipenda, au umeizoea?"

"Naipenda, Baba. Nikiwa naifanya sioni saa."

Baba aliitikia kwa kichwa polepole, kama afanyavyo pale mteja anapomweleza ugonjwa wa friji vizuri. "Basi baba atakulazimishaje? Baba wa namna gani huyo? Mtoto amekaa chini, amesema sababu, sababu inashikika. Nyumba si ina mvulana? Na yeye mikono yake imeoza?"

Meneja akageuka juu ya kreti.

"Sitaki kumtupa," Kasuku akasema. "Nitakuwa natuma sehemu ya mshahara kila mwezi, apatikane mtu wa kumwangalia."

"Hapo! Hapo umesema jambo!" Baba akapiga paja. "Hakimbii mzigo, anaomba kuubeba kwa njia nyingine. Mimi ningekuwa baba wa huyo binti, ningejisifu mtaa mzima. Iandike hiyo, ni nzuri sana. Usiisahau."

"Niiandike?"

"Si ndiyo ya msichana wa kwenye simu?"

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Angeandika, angecheka na baba yake, na asubuhi angepanda basi. Kasuku naye alilifikiria hilo, muda wa kumeza mate tu. Kisha akaiweka simu chini sakafuni, kioo kikitazama chini.

"Hapana, Baba. Mimi ndiye ninayesema. Siendi kwa Shangazi."

Baba alibaki na tabasamu usoni, lakini lilikuwa limeshakufa, kama taa ya friji inayowaka huku mashine haigandishi. Alilitoa taratibu.

"Umenitega," akasema.

"Sikukutega."

"Umenikalisha hapa mbele ya kaka yako, ukanichota maneno kama mtoto mdogo."

"Nilidhani unanijibu mimi."

"Nilikuwa namjibu yule wa kwenye simu!"

"Na kwa nini yule wa kwenye simu unamsikiliza?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza baba swali kama hilo. Alishika bisibisi, akaiweka, akashika spana, akaiweka. Meneja alitazama barabarani kana kwamba kuna mteja anakuja. Hakukuwa na mteja.

"Maneno umeyasema," Mama akasema kutoka dirishani, mfuniko wa sufuria ukiwa mkononi. "Nimeyasikia yote. Na yalikuwa mazuri."

"Mama watoto, usiniingilie."

"Siingilii. Nakukumbusha tu."

"Haya!" Baba akasimama, ndoo yake ikaanguka. "Haya, tufuate maneno yangu mazuri. Meneja aende. Meneja, utamwogesha shangazi yako? Utambadilisha nguo za ndani? Utamwinua chooni?"

Meneja aliinama. Masikio yake yakaiva.

"Mwanamke mzima," baba akasema, na sasa hasira ilikuwa imechanganyika na kitu kingine, "dada yangu, anayefunga mlango mara mbili akioga, hata akiwa peke yake nyumbani. Avuliwe nguo na kijana huyu? Si atakufa kwa aibu kabla ugonjwa haujamwua? Semeni. Nyinyi wenye majibu mengi, semeni."

Hapo mzee alikuwa na haki, na kila mmoja aliijua haki hiyo. Kwenye mchezo chumba ni chumba tu. Hapa kulikuwa na mwili wa mtu, umelala, unahitaji kugeuzwa.

Walimpigia jirani wa Shangazi, aliyekuwa akimwangalia tangu Jumatano. Jirani alisema ameshaulizia mtaa mzima kuhusu mtu wa kulipwa. Wa kuja asubuhi na kuondoka mchana walikuwepo. Wa kulala naye, wa kuamka naye, hakuna. Halafu, bila kuombwa, jirani akapeleka simu kwenye kitanda cha mgonjwa. Shangazi alijaribu kusema jina la mdogo wake. Ilitoka nusu. Baba alisikiliza ile nusu, akampa Mama simu, akaenda kusimama nyuma ya mafriji.

"Naenda," Kasuku akasema. "Basi. Naenda mimi, yaishe."

"Hukusema hivyo mwanzo," Mama akasema. Alikuwa ametoka jikoni, anafuta mfuniko ambao ulikuwa umeshakauka. "Umesema huendi. Neno hilo umelitoa kwa shida, nimekuona. Ukilimeza leo, hutalitoa tena mpaka unazeeka. Nitaenda mimi."

"Mama, na jiko la shule?"

"Jiko la shule lina masufuria. Masufuria hayana miguu."

"Watakuwekea mtu."

"Wataniwekea, watamwondoa. Nawajua wale."

Hakuwajua hivyo. Alijua, kama Kasuku alivyojua, kwamba kila wiki wanawake walisimama kwenye lango la shule wakiuliza kama kuna nafasi. Alisema hivyo kwa sababu lilikuwa jibu la kumtuliza mtoto.

Baba alitoka nyuma ya mafriji, macho mekundu. "Nani amekuambia wewe uende?"

"Wifi yangu ameniita kwenye simu," Mama akasema. "Wewe hukusikia?"

Kisha akaingia ndani, akafungua begi la Kasuku, akatoa nguo za Kasuku moja moja akizikunja vizuri juu ya kitanda, akaanza kuweka zake.

*

Jumatatu asubuhi Kasuku alimsindikiza mama yake hadi stendi, kisha akaenda ofisini, akapata kiti kibovu, akaandika. Hakutunga. Aliandika kila neno ambalo baba yake alilisema akiwa ameketi juu ya ndoo: keti, mwanangu, niambie. Unaipenda au umeizoea. Baba wa namna gani huyo. Kufikia mchana msichana wa sura ya nne alikuwa na vitufe vitatu vipya, na vyote vilifunguka.

Dada Mkubwa alisoma bila kugusa droo.

"Huyu baba umempata wapi?"

"Nyumbani."

"Una bahati," Dada Mkubwa akasema, na alisema kwa moyo. Akaendelea kusoma. Alipofika mwisho akasimama. "Hapa. Msichana amekataa kutoka chumbani. Mgeni anapewa chumba cha mama, mama analala kwenye kochi sebuleni. Hii ya nini?"

"Mgeni lazima alale mahali."

"Alale, ila tusione. Mchezaji amebonyeza jibu gumu, ameshinda, amefurahi. Wewe unampeleka sebuleni kumwonyesha mama yake amejikunja kwenye kochi. Atajuta. Akijuta, harudi."

"Ulitaka majibu yenye uzito, Dada. Huo ndio uzito."

Penseli alikuwa ameshamchora yule mama: blanketi fupi, miguu nje. Aliigeuza karatasi ili Dada Mkubwa aione vizuri. Dada Mkubwa aliitazama kwa muda, na mtu angeweza kudhani amekubali.

"Ni nzuri," akasema. "Itoeni."

Ikatolewa. Katika mchezo ule, hadi leo, msichana akikataa kutoka, baba anamsikiliza, mgeni anakuja, na asubuhi wote wanakunywa chai. Wachezaji waliipenda sura ya nne kuliko zote. Waliandika kwamba wamelia. Waliandika kwamba wanatamani baba kama yule. Kuhusu chumba alicholala mgeni hakuna aliyeuliza.

*

Mama alikaa kwa wifi yake miezi minane. Wiki ya pili shule iliweka mpishi mwingine. Mwezi wake wa tano huko, akimwinua Shangazi kutoka bafuni, Mama aliteguka mgongo, akaendelea kumwinua kwa mgongo huohuo kwa sababu hapakuwa na mwingine. Shangazi alirudi kushika kikombe, halafu kuketi, halafu kutembea na fimbo hadi mlangoni. Alipoweza kujiogesha mwenyewe akifunga mlango, Mama alirudi nyumbani.

Meneja alijifunza kupika vyakula viwili na kufua mashuka. Hakujifunza mafriji. Baba aliongea na Kasuku mambo ya lazima: funguo ziko wapi, maji yamekatika, mama yako amepiga simu. Hakumfukuza, hakumtukana, wala hakumnunia mbele ya watu. Ila sehemu hachezi tena. Kasuku aliwahi kumwomba awe hakimu, maneno matatu tu, naye akasema mikono yake ni michafu, akaendelea na kazi.

Kila mwezi Kasuku alituma robo ya mshahara kwa Shangazi, na umeme wa nyumbani akaendelea kulipa yeye. Kiti chake ofisini anacho bado.

Mama alikwenda shuleni mara tatu kuulizia nafasi yake. Mara ya kwanza walimkaribisha ndani na kumpa chai. Mara ya pili walizungumza naye langoni. Mara ya tatu mlinzi alikuwa mgeni, hakumjua, akamwonyesha mahali wanaposimama wanaotafuta kazi. Sasa anauza chai barazani kwa wateja wa mafriji, akiwa ameketi kwenye kreti, maana kusimama muda mrefu hawezi. Kwa siku nzuri anapata theluthi ya alichokuwa anapata shuleni, na siku nzuri kwa wiki ni mbili.